Ziwa la Kahawia la Mwalimu Abuya

Walimu wawili vijana, ambao sasa ndio wenye darasa la sanaa pale shuleni Homa Bay, waliniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukifundisha. Nikadhani wanataka mpangilio wa masomo. "Hapana, Madam," mmoja akanijibu, "hiyo iko kwa kompyuta. Tuandikie yale hayako kwa kompyuta." Basi ndiyo haya. Vyeo nitaviruka. Havikuwa vingi, na hata hivyo vichache havikuwa na rangi yoyote ya kuchora.

Jina langu ni Adhiambo, na kwetu ni Karachuonyo. Shule yangu ya kwanza ilikuwa upande wa Migori, si mbali na Masara ambako watu huchimba dhahabu kwa sururu na mikono. Chumba cha sanaa kilikuwa stoo ya majembe. Mwalimu mkuu alinifungulia mlango mwenyewe, akasukuma kreti la soda kando kwa mguu, akasema, "Karibu ofisini, Madam." Rangi zilikuwa za unga, makopo matatu, na moja lilikuwa limeganda kama saruji. Brashi hazikuwepo. Tulipasua majani ya mkonge, tukaponda ncha mpaka nyuzi zikajitokeza, tukazitumia hizo. Msicheke. Hadi leo sijaona brashi ya dukani inayochora nyasi vizuri kuliko ile ya mkonge.

Somo la kwanza niliwaambia wachore anga. Darasa zima likapaka buluu kuanzia juu hadi chini, kama ukuta wa zahanati. Ulikuwa msimu wa kiangazi, na mashine za kusaga mawe ya dhahabu zilikuwa zikinguruma tangu asubuhi.

"Hii ni anga ya wapi?" nikauliza.

"Ya hapa, Madam," akajibu Gati, kijana mrefu aliyekaa nyuma.

"Tutokeni nje."

Tukatoka. Kule chini, juu ya miti, anga lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Likipanda kidogo lilikuwa la kijivu. Buluu ilikuwa kipande kidogo tu utosini, na ili uione ilibidi ukunje shingo.

"Lakini Madam, kila mtu anajua anga ni buluu," Gati akasema.

"Sijakuuliza kila mtu anajua nini. Nimekuuliza wewe unaona nini."

Akatazama kwa muda. "Naona vumbi."

"Basi chora vumbi."

Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile, na nikisema kweli, sijaongeza mengi juu ya hayo.

Ila wazo hilo silo langu. Nilikuwa nimelipata kwa Mwalimu Abuya, na mtu mwenyewe ndiye sababu ya mimi kukubali kuandika.

Abuya alikuwa akifundisha sanaa katika shule jirani. Alikuwa amenizidi umri kwa mbali, mtu mwenye sauti nzito ya kwaya na kofia ya ukindu ambayo hakuna aliyekuwa amemwona bila hiyo. Niliporipoti kazini alisikia kwamba kuna mwalimu mwingine wa sanaa wilayani, akaja kwa pikipiki yake, sanduku la rangi limefungwa nyuma kwa mpira, kunitazama kama mtu anayekuja kutazama mnyama wa ajabu. Mimi nilimwita Japuonj, neno la Kijaluo la mwalimu. Yeye aliniita Nyar Karachuonyo, binti wa Karachuonyo, na ni mara moja tu aliyowahi kuniita vingine.

Kila Jumamosi tulitoka kwenda kuchora. Nyumbani kwake alikuwa amebandika kurasa za kalenda moja kuukuu yenye picha za wale wachoraji wa Ufaransa wanaoitwa Impreshonisti. Aliwazungumzia kana kwamba ni watu wa kanisa lake. Alinieleza jinsi walivyochoka kuchorea ndani ya vyumba, na jinsi rangi zilipoanza kuuzwa katika tyubu za bati walivyozitia begani wakaenda mashambani na kando ya mito. Walichora haraka, alama ndogondogo za rangi zikikaa jirani bila kuchanganywa, kwa maana jua halimngojei mtu. Watu wa kwao wakawacheka kwamba kazi zao hazijaisha.

"Mmoja wao alichora marundo ya nyasi kavu mara nyingi mno, asubuhi, mchana, jioni, mpaka majirani wakamshangaa," akaniambia. "Sisi nyasi haturundiki. Lakini dero tunazo."

Dero ni ghala la mahindi, lile la fito lenye paa la nyasi. Akaniweka mbele ya dero ya jirani yake siku nzima. Asubuhi fito zilikuwa na uwaridi hafifu. Adhuhuri zilikaribia kuwa nyeupe. Jioni zilikuwa chungwa, na kivuli chake kilikuwa zambarau, jambo ambalo nilikataa kuliamini hata nilipokuwa nikilichora.

"Umechora dero ngapi?" akaniuliza.

"Moja, Japuonj."

"Angalia tena."

Nikaangalia. Kwa kweli zilikuwa tatu.

Siku hiyohiyo aliona tyubu ya rangi nyeusi sandukuni mwangu, akaitoa, akaitia mfukoni mwa shati lake. Nikamuuliza sasa vivuli nitavipaka rangi gani. Akanyoosha kidole chini ya mwembe wa jirani.

"Kivuli si shimo, Nyar Karachuonyo. Kivuli ni mahali ambapo jua limetoka zamu na anga limeingia. Tafuta rangi ya anga hapo chini, utaipata."

Nilipohamishiwa Homa Bay nilikwenda na maneno hayo bila tyubu nyeusi. Ilikuwa shule ya wasichana, na ziwa lilionekana kutoka dirishani, jambo ambalo ni baraka kwa mwalimu wa sanaa na laana kwa yule wa hesabu. Wenzangu, kama mnataka kufundisha rangi, msianzie kwenye maua. Wapelekeni wanafunzi kwenye omena, wale dagaa wa ziwa, waliotandazwa kukauka. Watawaambia kwamba omena ni wa kijivu. Waambieni wachuchumae, wafumbe macho nusu, waangalie tena. Mmoja ataona buluu mgongoni, mwingine uwaridi tumboni, mwingine manjano pale jua linapopiga, na baada ya hapo hamtaweza kuwanyamazisha. Na mkichora ufuoni kwa rangi za mafuta, nzi wa ziwa watakuja kwa wingu na kunasa kwenye picha. Msihangaike kuwatoa kabla haijakauka. Ikikauka wanapanguswa kwa kitambaa, na mguu mmoja mmoja unaobaki hauharibu mawimbi.

Miaka ikapita. Abuya akastaafu, akarudi nyumbani kwake upande wa Awendo kuchora mashamba ya miwa. Nilipomtembelea niliona picha zake zinazidi kuwa za kahawia. Nikafikiri amebadili mtindo, kama wazee wengi wanavyobadili, na zilikuwa picha nzuri bado.

Ndipo nikamwalika aje nasi kisiwani Takawiri. Nilikuwa na kundi la kidato cha tatu lenye bidii, na nilitaka wamwone akifanya kazi. Tulivuka kwa boti asubuhi, wasichana wamevaa jaketi za kujiokoa, Abuya katikati yao ameshika kofia yake na kuimba besi. Wale ambao hamjafika Takawiri, kuna mchanga mweupe pale na minazi, vitu ambavyo havitarajiwi katika ziwa letu. Siku hiyo maji ya karibu na mchanga yalikuwa kijani cha embe bichi. Mbele kidogo yalikuwa buluu, na chini ya wingu moja kubwa yalikuwa zambarau kabisa. Niliona wasichana wakinyang'anyana tyubu.

Abuya aliketi kwenye kigoda, akachora bila kusita. Mkono wake ulikuwa uleule, mwepesi, kila wimbi kwa mguso mmoja. Wasichana wakaacha kazi zao, wakamzunguka. Alipomaliza akarudi nyuma hatua chache, akaingoja sifa.

Mawimbi yalikuwa yanatembea, naapa yalikuwa yanatembea, lakini maji yalikuwa kahawia kama chai iliyochemka sana, na anga lilikuwa la manjano kama gazeti la zamani.

Ndipo Mercy, msichana mfupi asiyejua kunong'ona, akasema, "Japuonj, hiyo maji iko na kutu."

"Umesema?"

"Kutu, Japuonj. Kama bati."

Abuya akatazama ziwa, akatazama picha, kisha akanitazama mimi. "Madam," akasema, na hilo Madam lilinichoma kwa kuwa hakuwahi kuniita hivyo, "hawa wasichana umewafundisha kuona ama kutukana?"

"Nimewafundisha waseme wanachoona. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akafunga sanduku. Wakati wa kurudi alikaa mbele kabisa ya boti na kutugeuzia mgongo, na hakuimba. Mercy alilia njia nzima. Nilimwambia hana kosa, lakini na mimi nilikuwa karibu kulia, maana kichwani nilikuwa nimeanza kuzipanga zile picha za kahawia, moja baada ya nyingine, na kuelewa kwamba ule haukuwa mtindo.

Hakupokea simu yangu tena. Shule zilipofungwa nikanunua mkate na sukari, nikaenda kwake bila kualikwa. Mkewe, Mama Pilista, alinipokea njiani kabla sijafika mlangoni.

"Anamimina chai nje ya kikombe," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nikisema, ananiambia eti hizi balbu za siku hizi ni mbaya. Pikipiki nimeificha ufunguo. Kwangu hasikii. Ongea na yeye wewe."

Nilimkuta barazani akichora kilima kilicho ng'ambo ya shamba. Alinisalimu kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mgeni wa serikali. Nikakaa. Nikatazama ubao wake wa kuchanganyia rangi. Pale ambapo siku zote palikaa buluu nzito ya vivuli palikuwa na rangi nyingine, donge kubwa, jipya.

"Japuonj, hiyo ni rangi gani?"

"Buluu. Ni rangi gani nyingine?"

"Umeitoa wapi?"

"Duka ni lilelile. Nimechukua ile ya siku zote."

Nikaichota kidogo kwa kidole, nikaipaka kwenye karatasi nyeupe, nikaisogeza jua lilipo. "Japuonj, hii ni nyeusi."

Akaichukua karatasi. Akaisogeza karibu na uso, akaiweka mbali, akaigeuza upande wa mwanga. Kisha akachukua ile tyubu na kuipapasa kana kwamba maandishi yangeweza kusomeka kwa vidole. Mama Pilista alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani ameingiza hii nyumbani kwangu?" Abuya akauliza hatimaye, lakini bila ukali. Alikuwa anajiuliza mwenyewe.

Wenzangu, sijawahi kuwa na darasa gumu kama baraza lile. Nilitaka kusema neno la kumfariji na nikaona kwamba faraja ingemkera. Basi nikamwambia habari ambayo nilikuwa nimeisoma, na ambayo ajabu ni kwamba yeye hakuwa ameisikia. Nikamwambia kwamba yule mchoraji wake wa marundo ya nyasi naye alishikwa na mtoto wa jicho uzeeni. Kioo cha jicho kikafifia na kugeuka rangi, buluu zikampotea, akawa anachora bustani yake nyekundu na kahawia kama inaungua, na hakujua.

Abuya akaiweka ile tyubu chini. Kisha akauliza, "Wakamkata jicho?"

"Alikataa muda mrefu. Baadaye akakubali."

"Akaona tena?"

"Jicho moja waliliponya. Akarudi kazini, akachora mpaka mwisho wake."

Akavua kofia, akaiweka gotini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila kofia. Kichwa kilikuwa na upara safi uliong'aa. "Basi na mimi," akasema, "muda mrefu wa kukataa nimeshaumaliza."

Mama Pilista akaingia ndani haraka, nikasikia sufuria zikigongana kwa furaha.

Alifanyiwa upasuaji Homa Bay, jicho la kulia kwanza. Daktari wa macho alikuwa dada kijana mwenye mikono mitulivu, akatueleza kwamba kioo cha jicho la mzee kilikuwa kimegeuka kahawia kama chupa ya dawa, na kwamba alikuwa akiutazama ulimwengu kupitia hiyo chupa kwa miaka. Asubuhi ya kufunguliwa bandeji tulikuwepo, mimi na Mama Pilista, tumeshikana mikono kama wasichana wa shule. Muuguzi akaondoa pamba. Abuya akapepesa. Akabaki amemkodolea macho muuguzi mpaka yule dada akaona haya.

"Sista," akasema, "sweta yako ni buluu."

"Ni buluu siku zote, mzee."

"Si kwangu," akasema Abuya, na machozi yakaanza kumtoka, na muuguzi akamkemea asilowanishe jicho.

Tulipotoka hakutaka kwenda nyumbani. Alitaka ziwa. Tukampeleka ufuoni, mahali akina mama wanapouza samaki, naye akasimama pale akiziba jicho la kulia kwa kiganja, kisha la kushoto, kisha la kulia, mbele ya watu wote. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki aitwaye ngege akamhurumia.

"Mzee, umeingiwa na mdudu?"

"Hapana, mama. Nimetolewa."

Jicho la kulia lilimpa ziwa la buluu na vilima vya zambarau. La kushoto, ambalo lilikuwa bado halijafanyiwa kitu, lilimpa ziwa la chai. Alikuwa na dunia mbili kichwani na angeweza kuchagua kwa kusogeza kiganja tu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka wauza samaki wakaanza kucheka naye bila kujua kwa nini, na Mama Pilista, ambaye alikuwa ameomba kwa miezi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akajipepea kwa leso.

Balaa ilikuja pale daktari alipomwita kwa jicho la pili. Akakataa. Daktari akanipigia mimi simu. "Madam, mzee anasema nimngoje. Anasema bado analitumia."

Na kweli alikuwa analitumia. Msimu wote ule wa mvua alichora kila kitu mara mbili. Alijifunga kitambaa jicho moja akachora kilima, akahamishia kitambaa jicho la pili akachora kilima kilekile. Miwa, dero, Mama Pilista akipepeta mtama, ng'ombe wa jirani, hata ziwa, vyote viwili viwili. Kisha akaja na picha hizo shuleni kwangu, akazipanga ukutani, na kabla ya kusalimia mtu akauliza, "Yuko wapi yule wa kutu?"

Mercy alitaka kujificha nyuma ya kabati. Wenzake wakamsukuma mbele.

"Pole, Japuonj," akasema kabla hajaulizwa.

"Pole ya nini? Wewe ni daktari wangu wa kwanza, yule wa hospitali ni wa pili. Sema tena unaona nini."

Mercy akazitazama zile picha za ziwa kwa makini, na nilijivunia kwamba hakufanya haraka. "Hii ya kulia iko na baridi. Mtu anaweza kunywa hiyo maji," akasema. "Hii ingine ni ya kutu. Lakini Japuonj, mawimbi ya kutu ndiyo mazuri kushinda."

Darasa likangoja radi. Abuya akainama akazitazama mwenyewe, akiziba jicho hili na lile. "Ni kweli," akasema. "Huku nilikuwa naona mwendo tu, sikuwa na rangi ya kunisumbua." Nilikuwa na hofu kwamba angezichoma picha zake za kahawia, na nadhani alikuwa amelifikiria hilo. Tangu siku ile hofu hiyo ikaniisha. Ile ya Takawiri alituachia, iko bado ukutani shuleni, wala msiitoe, hata mkaguzi akiuliza.

Mwishowe Mama Pilista alichoka kukaa kama sanamu mara mbili kwa kila jambo, akampeleka mwenyewe kwa daktari, jicho la kushoto nalo likafanyiwa. Nilifika asubuhi bandeji ilipokuwa inaondolewa, nikiwa sikufunga kilemba changu cha siku zote. Alikuwa ameketi kitandani karibu na dirisha, bila kofia. Akapepesa, akanitazama kwa macho yote mawili, kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

"Nyar Karachuonyo," akasema, "kumbe umeota mvi!"

"Japuonj, nina mvi siku nyingi. Zimekuwa nyeupe kichwa kizima."

"Nyeupe?" Akakunja uso kama zamani mbele ya ile dero, akafumba macho nusu, akainua kidole. "Nyeupe wapi? Geuka kidogo. Upande huu wa jua ni za dhahabu. Na hizi za kivulini, angalia vizuri kwenye kioo ukifika nyumbani, hizi ni za buluu."